SOMO: Kesi ya ugomvi wa nyumbani na bunduki yako hapa Marekani

Wakuu, wiki hii wanne mmenifuata pembeni na swali lile lile: kesi ya ugomvi wa nyumbani inaninyima bunduki? Naandika mara moja. Hii ni sheria ya shirikisho. Jimbo lako laweza kuwa kali zaidi.

Hatua 1. Una kesi rasmi ya kosa linaloweza kukufunga zaidi ya mwaka? Hununui wala hupokei bunduki. Uliyonayo unabaki nayo, labda hakimu aizuie kwenye masharti ya dhamana.

Hatua 2. Ukitiwa hatiani kwa kosa kubwa la namna hiyo, umezuiwa, hata kama hukulala ndani siku moja.

Hatua 3. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimsukuma mke wangu, sijitetei. Mahakamani nikaambiwa nikikiri kosa dogo la shambulio naondoka leo leo na kifungo cha nje. Karatasi haikuwa na neno "mke" popote. Nikasaini haraka niwahi zamu. Nilikuwa mlinzi wa silaha. Kibali kilipoisha hakikurudi, na kazi ikaenda nacho. Sheria ya Lautenberg ya 1996 inakuzuia bunduki hata kwa kosa dogo, mradi ulitumia nguvu kwa mke, mume au mzazi mwenzio. Mwaka 2009, kwenye kesi ya Hayes, Mahakama ya Juu ilisema kosa lenyewe si lazima litaje uhusiano. Mwaka 2022 wakaongezwa na wapenzi wasioishi pamoja.
USIKIRI kabla wakili hajakujibu kuhusu silaha NA uhamiaji. Mwenye grini kadi anaweza kurudishwa kwao kwa kosa hili hili.

Hatua 4. Zuio la mahakama la kumlinda mwenzio, lililotolewa baada ya wewe kuitwa na kupewa nafasi ya kusikilizwa: kaa mbali na silaha hadi liishe. Rahimi, jamaa wa Texas aliyekuwa na zuio kama hilo, aliipinga sheria hii hadi Mahakama ya Juu, Juni 2024 akashindwa 8 kwa 1.

Hatua 5. Fomu 4473, ile unayojaza dukani ukinunua bunduki: sema kweli. Uongo ni hadi miaka 10 jela.

MASWALI

– Mkuu, si shemeji aninunulie tu?
Hukusoma. Mtafungwa wote wawili.

– Ila wewe ulimsukuma tu, mbona wanakuza mambo?
Aliyesukumwa ni yeye, kamuulize yeye. Swali linalofuata.

– Kesi yangu ilifutwa, lakini dukani bado nakataliwa.
Pole ndugu. Mara nyingi kumbukumbu zinaonyesha ulikamatwa, hazionyeshi kesi iliishaje. Nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala yenye muhuri ya uamuzi, kisha ukate rufaa FBI dhidi ya kule kukataliwa. Chukua nakala mbili.

– Kaka, na polisi je?
Swali zuri dada. Kwenye zuio la hatua ya 4, sheria ya shirikisho inamwachia bunduki ya kazini. Kwenye hatua ya 3 hakuna msamaha, awe polisi au mwanajeshi.

– Mimi nimezuiwa, mke wangu anayo yake. Tunaishi pamoja.
Iwe ndani ya sefu usiyoweza kuifungua wewe. Ukijua namba, wanaweza kuihesabu yako.

– Sefu ya alama ya kidole inafaa?
Inafaa, kidole kikiwa chake peke yake. Yetu betri iliisha usiku, ufunguo wa akiba ukawa ndani ya sefu yenyewe.