Tenki lako linakunywesha maji au linabomoa nyumba?

Nianze na nilichokiona Kilosa masika yaliyopita. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa tope, bati jipya, gata zimefungwa vizuri, simtanki la lita 2,000 ubavuni. Ovaflo, yaani bomba la kutolea maji tenki likijaa, ni kipande cha bomba la robo tatu ya inchi kilichotokeza juu ya tenki na kuning'inia hewani. Chini yake, ukutani kabisa, pana shimo. Niliingiza mkono ukazama hadi kiwiko, na vidole vikagusa upande wa chini wa msingi. Mwenye nyumba anasema ukuta umepasuka kwa sababu ya mafuriko. Mama yangu, mafuriko hayo umeyatengeneza mwenyewe.

Wala si yeye peke yake. Karibu kila nyumba ninayopita mambo ni yaleyale: fedha yote imeishia kwenye tenki na gata, na aliyejiuliza maji yaende wapi tenki likijaa hayupo. Kabla ya gata, mvua ilidondoka kuzunguka paa lote, kidogo hapa, kidogo pale. Sasa mmeikusanya yote mkaimwaga sehemu moja.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60, hivyo mvua ya milimita 40 inaleta lita 2,400. Toa kinachoruka na kupotea, tenki limejaa kwa mvua hiyo moja. Ikirudi kesho yake kiasi kilekile, zaidi ya ndoo 100 za lita 20 zinamwagwa kwenye kona ya nyumba yako. Mvua hiyo ikinyesha kwa saa moja tu, ni kama ndoo mbili kila dakika. Robo tatu itapitisha wapi? Maji yanafurika juu ya mfuniko na kuteremka na ukuta.

Kwa hiyo ovaflo iwe na upana uleule wa bomba linaloingiza maji. Limeingia la inchi 4, litoke la inchi 4. Fundi akikwambia "hata dogo linatosha", mwambie ashike ndoo asimame pale siku ya mvua. Tundu likae sentimita 5 chini ya usawa wa bomba la kuingizia, na mdomo wa nje ufungwe wavu wa mbu.

Bomba lishuke hadi chini, lisiishie hewani, kisha litoke angalau mita 3 kutoka ukutani, upande wa mteremko. Hapo lipokelewe na mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha 20, mita ya kwanza ikipangwa mawe. Mfereji ushuke sentimita 2 kila mita, yaani mita 10 ni sentimita 20. Usipime kwa macho! Chukua mpira mweupe wa maji ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi, funga kamba, pima. Nimeona mfereji umechimbwa kwa jasho la siku mbili, maji yakarudi nyumbani.

Mwisho wa mfereji usiwe chooni wala kwa jirani. Peleka kwenye migomba ikiwa udongo unanyonya. Chimba shimo la sentimita 30, mimina maji. Kesho yake yakiwa bado yamesimama, hapo panda magimbi, kwa maana mgomba ukikaa majini siku nyingi mizizi inaoza.

Kitako cha tenki kiwe juu ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita, na mita 1 kutoka ukuta wa tope. Tenki lililojaa lina tani 2 za maji, usilikalishe kwenye udongo uliojaziwa juzi. Na msilimalize maji wakati wa masika kwa kisingizio cha kusubiri mapya: maji ya nje yakipanda kuliko ya ndani, tenki tupu linaelea na kung'oa mabomba yote.

Haya yote hayazuii mto. Mto Mkondoa ulipobomoa tuta pale Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, hakuna gata ambalo lingesaidia. Ninazungumzia maji ya bati lako mwenyewe, na hayo ndiyo yanayokula msingi kila mwaka bila kutangazwa redioni.

Kazi iishe katikati ya Februari. Machi mkinipigia simu mvua imeshaanza, udongo ni tope na fundi ana nyumba kumi za kushughulikia.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, kanyaga chini ya ukuta: pakiwa pakavu, umefanya sawa.