Jinsi ya kuhamishia taarifa zako za mpiga kura Dodoma bila kurudishwa nyumbani

Dodoma hii tumejaa wahamiaji, tusidanganyane. Tangu 2016 serikali ilivyotangaza inahamia huku watu wamemiminika kutoka Dar, Moro, Singida, Kondoa, wengine washajenga Nzuguni na Iyumbu na kuku wanafuga, ila mwambie akutolee kadi ya mpiga kura, unakuta ni ya Temeke. Kadi unatembea nayo kwenye pochi lakini jina lako limebaki kule kule ulikojiandikisha, kwahiyo siku ya kura unazunguka ukuta mzima unasoma majina ya watu, lako hulioni.

Mimi nilikuwa na kadi ya Kondoa ya 2015. Uchaguzi wa 2020 nilipanda basi nikaenda kupiga kura huko, kama kilomita 160 hivi, nauli kwenda na kurudi juu yangu, na diwani niliyemchagua wala sio anayenihusu na barabara yetu ya Nkuhungu. Nikasema basi, nahamisha. Ndo nawaelekeza hapa nilivyofanya, na nilipokosea pia.

Cha kwanza, uelewe daftari ziko mbili, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, hili liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, wale wenye ofisi zao Njedengwa, na ndo linatumika kumchagua rais, mbunge na diwani, na ndo lenye kadi. Halafu kuna orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, hiyo inasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), haina kadi, unaandika jina kwenye mtaa wako na linabandikwa. Ile ya tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 kabla ya kuchagua wenyeviti wa mitaa Novemba 27 ilikuwa hii ya pili. Kuna jirani yangu alijiandikisha pale akakaa ametulia kabisa, anajua keshahama, kumbe kwenye daftari la kudumu bado ni mtu wa Manyoni. Na usiidharau hiyo ya mtaa kwasababu mwenyekiti wa mtaa ndo anakuandikia barua ya utambulisho, na kipindupindu kikiingia au mvua ya Januari ikijaza maji majumbani watu ndo huwa wanamkimbilia yeye kwanza. Ila ni daftari nyingine, ukijiandikisha huku haikuhamishi kule.

Cha pili ni muda. Kuhamisha sio kitu cha kwenda siku yoyote unayojisikia, unasubiri zoezi la uboreshaji wa daftari lifike mkoani kwenu. Sheria inataka lifanyike mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata, kwahiyo kwa huu wa 2025 hadi wa 2030 zitapita mbili. Lakini zikifika ni fasta, round iliyopita mkoa ulikuwa unapewa siku saba tu, vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi vinafungwa saa 12 jioni. Gari la matangazo lilipita kwetu spika inakoroma, mimi nafua uani, nikajisemea hao ni watu wa chanjo na wanangu washachanjwa, sikutoka hata kusikiliza. Nimekuja kushtuka siku ya nne. Kwahiyo ukisikia spika toka nje usikie, chanjo au sio chanjo.

Cha tatu, anzia kwenye simu kama una bando. Tume ina mfumo wa mtandaoni unaokuruhusu kuanzisha mwenyewe ombi la kuhama au la kurekebisha taarifa, unajaza namba ya kadi yako (ile inayoanza na T) na unahamia mkoa gani, jimbo gani, kata gani, kituo gani. Nasema KUANZISHA, nimesisitiza, maana kuna watu wanajaza wakimaliza wanazima simu wanaendelea na maisha. Lazima uende kituoni kumalizia, na unaenda kituo cha huku unakohamia sio kule ulikotoka. Na kama hujawahi kujiandikisha kabisa mtandao haukuhusu, wewe nenda kituoni moja kwa moja, uwe raia na uwe umefika miaka 18 au utakuwa umefika siku ya uchaguzi. Usipoweza mambo ya mtandao pia sio kesi, kituoni wanakufanyia yote toka mwanzo, ni foleni tu.

Sasa kituo. Hapa ndo nilipopigwa mimi. Nilienda kwenye shule moja iliyo karibu na kwangu, nikakaa kwenye foleni saa nzima na vumbi la Septemba unalijua, kufika mezani yule binti ananiuliza, "Dada unakaa mtaa gani?" Namtajia, ananiambia, "Huko sio kata hii dada, hapa utakuwa umepita mpaka." Yaani ile barabara ninayovuka kwenda kununua mkaa ndo mpaka wa kata! Kwahiyo kabla hujatoka nyumbani muulize mjumbe wako au nenda ofisi ya mtendaji uambiwe uko kata gani na kituo chenu kiko wapi, usiangalie ukaribu. Na siku hizi ni zaidi maana 2025 jimbo la Dodoma Mjini lilikatwa likazaliwa na jimbo la Mtumba, unaweza kuhama nyumba humu humu jijini, daladala ile ile, ukawa umehama na jimbo bila kujua.

Beba kadi ya zamani. Kama imepotea au imeliwa na panya waambie tu, kuna utaratibu wa kupewa nyingine, ila USIJIANDIKISHE UPYA kama mtu mgeni ili mambo yaishe haraka. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, kuna faini na kuna jela, na kwa vile mashine inachukua alama za vidole usifikiri utawachenga. Kwa upande mwingine kama una kadi ya 2015 au 2020, hujahama, haijaharibika na taarifa ziko sawa, hapo huna haja ya kwenda kupanga foleni, round iliyopita walisema wazi kwamba hizo bado ni halali.

Mezani kwenyewe ni dakika chache. Wanakuuliza taarifa zako, wanajaza fomu, unaweka vidole kwenye mashine ya BVR, ile ya kusoma alama za vidole, unapigwa picha, unasaini, kadi inatoka hapo hapo bado ya moto. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa Kigogo, alitolewa nyuma akapelekwa mbele maana wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na walemavu hawapangi foleni, sasa vidole vyake vikawa vinakataa kusomeka, jembe la miaka yote lishavisugua vimekuwa laini kama karatasi. Yule kijana wa mashine hakumfokea, alilowanisha kitambaa akamfuta kidole kimoja kimoja, akamwambia, "Bibi kandamiza kidogo, tena," mara ya tatu au ya nne ikakubali, watu nyuma tukapiga makofi. Kwahiyo kama unashika jembe au zege kila siku usiogope mashine ikikukataa mara ya kwanza, osha mikono kabla hujaenda na usiondoke mpaka isome.

Ukipewa kadi usiinuke kwenye kiti. Soma jina herufi kwa herufi, soma tarehe ya kuzaliwa, soma kata. Mimi walikosea herufi moja ya ubini, nikasema pale pale wakarekebisha, ningeondoka nayo ningesubiri round nyingine. Na jina lifanane na la NIDA (kitambulisho cha taifa), kuna faida yake: 2025 waliopoteza kadi waliruhusiwa kupiga kura kwa kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, lakini uwe kwenye daftari na majina yafanane. NIDA peke yake bila jina kwenye daftari haikusaidii kitu.

Baadaye daftari la awali linawekwa wazi watu walikague. Wengi hawaendi, nenda. Mimi nilienda na kanga begani, nikalitafuta jina langu kwa kidole, nikalikuta na picha yangu niliyonuna. Ukiona jina la marehemu wa familia yenu bado lipo toa taarifa liondolewe. Na ukikuta lako halipo, sema siku hiyo hiyo kabla siku hazijaisha.