Kufuatilia asili ya neno la Kiingereza: tuanze na "sugar"

Chora jedwali la safu nne: lugha, umbo la neno, maana, karne. Kila lugha unayoirudia ipe mstari wake. Mstari usio na karne bado ni dhana.

Hatua ya 1. Tafuta umbo la zamani kabisa. Tahajia ya leo iache kwanza. Fungua Etymonline, tovuti ya asili za maneno ya Kiingereza, kisha hakiki kwenye Middle English Dictionary, kamusi ya Kiingereza cha zama za kati ya Chuo Kikuu cha Michigan. Zote ni za bure. Sugar linaonekana Uingereza mwishoni mwa karne ya 13, likiandikwa sugre.

Hatua ya 2. Rudi nyuma lugha moja moja, usiruke. Kifaransa cha kale sucre, Kilatini cha zama za kati succarum, Kiarabu sukkar, Kiajemi shakar, Kisanskriti śarkarā. Maana nayo iandike: śarkarā ni changarawe pia, na ukiitazama sukari ya chenga kiganjani utaona kwa nini.

Hatua ya 3. Pima sauti. Hapa wengi huteleza: wanasikia "sh" katika sugar, wanaiona tena kwenye shakar, basi wanaunganisha Kiingereza na Kiajemi moja kwa moja. Lakini Kiarabu na Kifaransa vina s katikati ya njia. "Sh" ya Kiingereza ilizaliwa hukohuko Uingereza: su- ilitamkwa "syu", s na y zikayeyukiana, kama ilivyotokea kwa sure. Kuhusu k kugeuka g, kamusi hutaja tu badiliko bila kutoa sababu ya uhakika. Nawe usibuni.

Hatua ya 4. Tenganisha wazazi na binamu. Sukari yetu imetoka Kiarabu, kwa hiyo sugar ni binamu yake. Saccharin, kile kitamu cha maabara kinachotumika badala ya sukari, ilipitia Kigiriki sakkharon na Kilatini saccharum, tawi jingine kabisa. Kihispania azúcar kimebeba as- ya as-sukkar, Kiitaliano zucchero hakina. Hata jaggery, yaani sukari guru, ni wa ukoo huo, kupitia Kireno jágara.

Ukikuta nyota (*) mbele ya neno, umbo hilo limekisiwa na wataalamu, halijakutwa limeandikwa popote.

Na kufanana pekee hakutoshi. Bad ya Kiajemi ni "mbaya", sawasawa na bad ya Kiingereza, ila hayana undugu: rudi hadi Kiajemi cha kati, utakuta wad.