Kutoa sauti ya nyuzisauti kwa kompyuta: modeli ya matungamo mawili

Ukiwakilisha kila unyuzi (mmoja wa mikunjo miwili ya kooni inayotoa sauti) kwa tungamo moja lenye springi, modeli itatikisika kidogo kisha itanyamaza. Katika mkondo wa hewa uliorahisishwa, msukumo hutegemea mahali tungamo lilipo tu. Nishati inayoingia unyuzi unapofunguka hutoka yote unapofunga. Unyuzi halisi hufunguka chini kwanza, juu baadaye, na kuchelewa huko ndiko kunakouwezesha kunyonya nishati ya hewa. Kwa hiyo mwaka 1972 watafiti Ishizaka na Flanagan waliugawa unyuzi sehemu mbili. Hapa tunafuata umbo jepesi la modeli yao, pande mbili zikiwa sawa.

Andika vipimo vyote kwa mita, kilo na sekunde. Tungamo la chini, m1, ni gramu 0.125 na la juu, m2, gramu 0.025. Ugumu wa springi: k1 = 80 N/m, k2 = 8, na springi inayoyaunganisha, kc = 25. Msuguano r ni 0.02 kg/s kwa kila moja. Urefu wa unyuzi, L, ni sentimita 1.4, unene wa sehemu ya chini, d1, sentimita 0.25. Eneo la mwanya kati ya nyuzi ukiwa umetulia, a0, ni sentimita mraba 0.05, na shinikizo la mapafu, Ps, paskali 800. Makosa mengi huanzia hapa: sentimita mraba 0.05 ni 0.000005 za mita mraba, si 0.0005.

Acha x1 na x2 ziwe umbali ambao tungamo la chini na la juu limesogea kutoka mahali pake pa kutulia; x' ni kasi yake na x'' ni mchapuko wake. Kila hatua, kokotoa maeneo ya mwanya, chini (a1) na juu (a2), kwanza:

a1 = a0 + 2·L·x1
a2 = a0 + 2·L·x2

Chukua dogo kati ya hayo, uliite amin. Likiwa hasi, lifanye sifuri. Kisha shinikizo la chini:

P1 = Ps·(1 − (amin/a1)²)

Kama a1 ni sifuri au hasi, weka P1 = 0 kabla ya kugawanya, la sivyo programu itajaa namba zisizo na maana. Kama ni juu tu palipofungwa, P1 inakuwa Ps nzima, na ndivyo inavyotakiwa. Tungamo la juu halisukumwi na hewa, kwa kuwa mkondo umeshaachana na ukuta.

m1·x1'' = L·d1·P1 − r·x1' − k1·x1 − kc·(x1 − x2)
m2·x2'' = −r·x2' − k2·x2 − kc·(x2 − x1)

Nyuzi zinapogongana (a1 au a2 ni hasi), ongeza nguvu ya kuzitenganisha: −c·a/(2L), ambapo c ni 240 chini na 24 juu. Ukiisahau, nyuzi zitapitana kana kwamba hazina mwili.

Kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, tumia njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, hatua 44,100 kwa sekunde, ukianza na x1 = milimita 0.1. Njia ya Euler ya kawaida inashawishi kwa wepesi wake, lakini huongeza nishati bandia kila hatua. Jaribio la kugundua makosa ya hesabu usiliruke kamwe: weka Ps = 0. Mtikisiko lazima ufe ndani ya milisekunde 100 hivi. Ukiendelea, unachosikia ni kosa la hesabu.

Mtiririko wa hewa ni U = amin·√(2·Ps/ρ), ρ, yaani msongamano wa hewa, ikiwa 1.13 kg/m³; kasi ya hewa hiyo ni karibu mita 38 kwa sekunde. Tupa milisekunde 100 za mwanzo, kokotoa tofauti kati ya kila sampuli ya U na iliyotangulia, rekebisha ukubwa ili kilele kikaribie 1 bila kuivuka, uhifadhi kama faili la sauti la WAV. Itasikika kama mlio mkavu wa nyuki, kwa sababu mdomo na koo bado havimo. Mlio wenyewe utaangukia kati ya Hz 100 na 200.

Kupandisha Hz za mlio, zidisha ugumu wote kwa namba moja, Q, na ugawanye matungamo na d1 kwa Q. Ukiongeza Q bila kuongeza Ps, utafika mahali mtikisiko unakataa kuanza. Pandisha shinikizo taratibu hadi uanze, uandike thamani hiyo. Hiyo ndiyo kizingiti cha kutoa sauti.