SOMO: Sauti ni ya dada, anayeomba hela siye

Matapeli wanaiga sauti ya ndugu yako kwa akili mnemba, wanakutumia voisi ya kuomba hela. Wiki hii nimeulizwa mara sita, "Nitajuaje kama hii voisi ni yake kweli?" Nimeandika mara moja, watumieni na wazazi.

1. Ukisikia "tuma haraka, usimwambie mtu", usitume.

2. Mpigie mwenyewe, simu ya kawaida, namba uliyonayo tangu zamani. Siyo WhatsApp, huenda ndiyo iliyoibwa.

3. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

4. Muwe na neno la siri la familia. Hapa ndipo nilipoharibu. Neno letu nililiandika kwenye grupu la familia. Sikujua dada alishaingiza kwenye WhatsApp yake code ya herufi nane aliyotumiwa, akiambiwa anampigia kura mtoto wa shule. Kumbe code hiyo iliunganisha kifaa cha tapeli na WhatsApp ya dada, akawa anasoma kila tunachoandika. Siku ya tatu mama akapata voisi: sauti ya dada, na kile kikohozi chake, yuko hospitali, na neno letu likatajwa. Mama alituma laki tatu na themanini, akarudi kwa wakala kuongeza.

Neno hilo mwambiane mdomoni, mkikutana msibani au sikukuu. LISIANDIKWE POPOTE. Lisiwe jina la kijiji wala la mtoto, hayo yako Facebook. Na aulize anayeombwa: mtu akilitaja kabla hajaulizwa, shtuka.

5. WhatsApp, fungua Vifaa vilivyounganishwa. Usichokijua kitoe.

6. Namba ya tapeli itume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli Tanzania.

MASWALI

— Mkuu, nikipata voisi nifanyeje?
Hatua ya 2. Soma.

— Sauti ya mwanangu mimi siwezi kuikosea.
Mama yangu ndiye aliyemzaa dada, na alituma.

— Akipiga vidio, namwona kabisa?
Swali zuri sana. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup, Hong Kong, alituma takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha vidio ambacho wakubwa zake walikuwa sura za kutengenezwa kwa akili mnemba. Mwambie ageuze uso ubavu kabisa, apitishe kiganja mbele ya pua. Sura bandia mara nyingi huyumba kwenye taya. Isipoyumba bado hujathibitisha. Kata, mpigie.

— Hela ikishaenda?
Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, dakika hiyohiyo wazuie muamala kabla tapeli hajatoa, kisha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako.

— Bibi yangu ana kitochi tu, neno la siri atalisahau.
Basi muwe na swali. Sisi bibi huuliza, "Nilikukuta unalia wapi?" Wajukuu wote tunajua ni juu ya mwembe, na hakuna aliyewahi kuliandika. Ukiwa naye, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa bibi tulikuta mbili asizozijua.