Kabla ya Majivu, Tazama Kwanza Mizani Yako

Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka, ndiyo wiki ya kazi. Anayengoja mpaka asubuhi ya siku yenyewe hupakwa majivu alfajiri, na ikifika saa nne yuko kibandani na chai na mahamri, kasahau. Wiki ya pili keshakata tamaa.

Kalenda kwanza. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, ambazo si za kufunga, zinabaki 40. Mwaka 2027 majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Andika ukutani.

Matawi uliyobeba Jumapili ya Matawi mwaka jana yapeleke kanisani mapema, maana majivu hutoka humo. Kwetu Malindi wengi hubeba makuti ya mnazi, na yaliyochomekwa juu ya mlango huwa yamekauka vizuri. Wanaoyachoma watumie karai la chuma, kisha wayachunge kwa chujio la chai mpaka yawe laini. Wasiyakoroge kwa maji: majivu mabichi yakilowa huwa makali kama magadi, yanachubua paji la uso. Yapakwe makavu, au kwa tone la mafuta.

Kufunga chakula, kwa Wakatoliki, ni siku mbili za lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 hadi 59. Unakula mlo mmoja kamili na vitu vidogo mara mbili ambavyo vikijumlishwa havifiki mlo. Kuacha nyama ni kuanzia miaka 14, siku hizo mbili na kila Ijumaa ya Kwaresima. Maji hayakatazwi, na usijifanye hodari: Februari na Machi ni joto la kaskazi, na mtu anayekwangua chumvi Gongoni au Marereni kwenye jua la saa saba ataanguka. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa sukari na mwenye kazi nzito hawabanwi na mfungo huo. Watafute toba nyingine, na dawa za presha zisiachwe hata siku moja.

Kuhusu samaki tuambiane ukweli. Kaskazi bahari imetulia, kolekole na changu wapo. Kuacha nyama ya ng'ombe ukala kamba wa kupaka ni kutimiza sheria tu, tumbo halijui kama kuna Kwaresima. Kula maharage au mchicha, na tofauti ya bei uitenge kwenye kopo la sadaka Ijumaa hiyohiyo. Ukisema utaiweka mwisho wa mwezi haitaonekana.

Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zinakwenda pamoja. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaingia siku zizo hizo. Jirani atakuletea futari magharibi, na siku ya Ijumaa sahani inaweza kuwa na sambusa za nyama. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, ziweke hadi kesho. Usimkatalie jirani sahani yake, wala usimhubirie sheria zako mlangoni.

Sasa jambo linaloharibu Kwaresima za watu wengi: kuungama dhambi bila kurudisha ulichodhulumu.

Hutokea hivi. Mnunuzi wa samaki pale bandani hupokea kapu kutoka kwa wavuvi. Kapu tupu lina uzito wa nusu kilo, lakini akipima samaki yeye hukata kilo nzima kuwa ni ya kapu. Kila mtu anaona, hakuna anayesema, kwa kuwa ndiye anayewakopesha mafuta ya mashine. Jumatano ya Juma Takatifu anapanga foleni ya kitubio, yaani kuungama kwa padri, nyuma yake wako watu sitini. Anasema, "Nimedanganya watu." Padri hana jinsi ya kujua kuwa ndani ya neno hilo kuna mizani. Anapewa malipizi ya Salamu Maria tatu, anatoka mwepesi. Ijumaa Kuu anabeba msalaba kwenye Njia ya Msalaba, na wavuvi wanamtazama. Jumanne baada ya Pasaka mizani imening'inia palepale, kapu bado ni kilo moja. Anayeumia zaidi ni kijana wa ngalawa aliyekuwa akifikiria kurudi kwenye jumuiya ya kanisa, na asiyerudi tena.

Hesabu yake si ndogo. Nusu kilo kwa kapu, kapu 6 kwa siku, ni kilo 3. Siku 20 za bahari kwa mwezi ni kilo 60. Tuseme bei ni shilingi 300: hizo ni 18,000 kwa mwezi, na msimu wa miezi 5 ni 90,000. Pesa kama hiyo hairudi ndani ya siku tatu za mwisho. Ndiyo sababu nasema anza kabla ya majivu.

Chukua karatasi. Andika jina, kiasi, na tangu lini. Usiandike "watu", andika fulani. Mizani irekebishwe siku hiyohiyo, kwa sababu huwezi kujutia kitu ambacho kesho asubuhi utakifanya tena. Ungama wiki ya kwanza, wakati padri ana nafasi ya kukusikiliza, utaje kosa lenyewe, mkubaliane namna ya kulipa. Anza na aliye maskini zaidi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakusema atawaombea aliowanyang'anya. Alisema atawarudishia mara nne. Kama hela haitoshi, lipa kidogo kila wiki na uendelee baada ya Pasaka. Maondoleo ya dhambi hayangoji shilingi ya mwisho, yanadai nia ya kweli na mwanzo unaoonekana.

Aliyefariki, walipwe warithi wake. Usiyemjua au usiyempata, wape maskini. Lakini anayejulikana na yuko hai, usichukue haki yake ukaitia kwenye kikapu cha sadaka. Hulazimiki kujitangaza: padri anaweza kuufikisha mzigo bila kutaja jina, na siri ya kitubio haivunjwi. Peleka taslimu, maana M-Pesa huonyesha jina la mtumaji. Utaratibu ni huohuo kwa aliyekula hela za chama, aliyesogeza mpaka wa shamba usiku, na fundi aliyechukua arubuni ya kitanda asichokiunda.

Mengine ni ya kukumbushana. Wa vigango vya ndani, makanisa madogo yasiyo na padri wa kudumu, waulize mapema padri atafika lini kuungamisha, kwani huzunguka kwa zamu. Aliyeacha pombe ya mnazi asikae mangweni inakouzwa "kuzungumza tu". Njia ya Msalaba ya mchana ina jua, wazee wabebewe maji na viti. Watoto wasilazimishwe kufunga wakazimia darasani. Nguo za Pasaka usizikope. Na ile karatasi ya majina ifiche vizuri, isije ikaokotwa na mtoto ikasomwa mtaa mzima kabla hujamfikia hata mmoja.