Gadi wa basketi: mkono wa kushoto kwanza, mbwembwe baadaye

Jioni ukipita koti yoyote hapa Malindi utawakuta vijana wanadunda mpira katikati ya miguu, nyuma ya mgongo, wanazunguka nao, simu imeegeshwa pembeni inarekodi, na kusema kweli wanapendeza. Sasa ngoja mechi ianze, aje difenda mmoja tu mwenye miguu myepesi amkabe yule kijana upande wa kushoto, uone mpira unavyotoka nje. Manake kwenye video hakuna mtu wa kukupokonya.

Hii ni ya wewe unayecheza gadi, uwe msichana au mvulana, unayepewa mpira na kuambiwa haya upeleke mbele. Sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zinakupa sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja, na uwanja mzima ni mita 28 kwa 15, yaani mita 14 tu za kuvuka, ukiwa peke yako ni matembezi. Ukiwa umekabwa na watu wawili, kelele, na kochi anakuita upande wa pili, zile sekunde zinaisha hujafika popote na mpira wanapewa wapinzani. Kwa hivo ukiniuliza kushika mpira vizuri ni nini, ntakwambia ni kuuvusha huku umeona nani yuko wazi, basi. Yote yaliyobaki yanarudi kwa mkono wa kushoto na macho.

Tuanze na mpira wenyewe. Wanaume wanatumia saizi 7, wanawake saizi 6, watoto wadogo saizi 5, na usijifunze na mpira wa saizi isiyo yako kwa sababu tu ndio uliopo nyumbani, mkono unazoea uzito. Kwa koti zetu za simiti nunua wa raba, ule wa ngozi simiti itautafuna utabaki kama umekunwa na mbuzi ya nazi. Upepo uangalie kila mara: inua mpira juu kidogo ya kichwa uachie bila kuusukuma, ukirudi mpaka kama tumboni uko sawa, ukiishia magotini tafuta pampu. Na usiuache juani mchana, upepo wa ndani unapanuka, mpira unakuwa mgumu unaruka ovyo. Kingine, fagia koti. Mchanga ukitanda juu ya simiti unateleza, mpira unakwenda pembeni na wewe unavunja kifundo, chukua ufagio wa chelewa dakika mbili tu umemaliza.

Muda mzuri ni baada ya alfajiri au alasiri ikishapita, jua la saa saba la Malindi halina mjadala. Kuna lile zoezi Kyrie Irving, gadi wa NBA, ile ligi ya Marekani, anajulikana nalo la kuufunga mpira ndani ya mfuko wa plastiki ili uwe mgumu kuumiliki, huku kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017 kwa hivo hiyo huna, lakini joto la Februari na mikono iliyoloa jasho inakufanyia kazi ile ile bure. Usikimbilie kujifuta kila sekunde, jifunze kudunda mpira ukiwa umelowa, manake kwenye mechi hutapewa taulo.

Haya, mkono. Mpira unadundwa na vidole, zile nyama za vidole pamoja na pale vinapoanzia, kiganja katikati kisiguse. Tandaza vidole. Halafu dunda kwa nguvu, na hapa ndipo wengi wanakosea, wanaubembeleza mpira kama wanaogopa kuuamsha. Mpira ukishatoka mkononi mwako ni wa yeyote, kwa hivo unataka uende chini na kurudi haraka iwezekanavyo, ukiupiga polepole unampa difenda nafasi ya kupitisha mkono. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono na mkono wa mbele, bega litulie. Ukikabwa mpira usipite goti, ukiwa wazi unakimbia unaweza kuuacha ufike kiunoni. Kunja magoti na si mgongo, ukikunja mgongo utaangalia sakafu utake usitake. Mkono usio na mpira uwe mbele umekunjwa kama kinga, ila usimsukume mtu nao, refa atakupigia filimbi. Na mkono wako usiingie chini ya mpira ukautuliza pale, huko ni kubeba, mpira umeupoteza.

Sasa kushoto. Sisi watu wa pwani tumelelewa na kulia: kula kulia, salamu kulia, ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto unaitwa huna adabu, kwenye sinia kushoto haukaribii kabisa. Kwa hivo kijana anafika miaka kumi na tano mkono mmoja umesoma, wa pili haujaandikishwa hata shule. Adabu ibaki pale pale, mie simfundishi mtu kula kwa kushoto bibi yako akanitafuta, lakini koti haina sinia. Kila ukianza mazoezi anza na kushoto, wakati bado una nguvu na akili imetulia, na ukifanya kulia mara moja kushoto fanya mara mbili. Kulia shika nyuma ya kaptura ili usidanganye. Ukitumwa dukani nenda na mpira, unadunda kushoto njia nzima, barabarani ushike mkononi lakini, tuktuk na boda hawana habari na mazoezi yako. Leyapu (kufunga ukiwa mbioni karibu na ringi) za kushoto, pasi za mkono mmoja wa kushoto, hata kuokota mpira chini okota kwa kushoto. Halafu cheza mmoja kwa mmoja na wadogo zako ukiwa na ruhusa ya kushoto peke yake. Watakufunga, watakucheka mtaa mzima, wewe endelea, baada ya wiki kadhaa wataanza kunyamaza wenyewe.

Mazoezi ya kusimama ndio msingi na ndio yanayoboa, so yafanye mafupi, sekunde 30 kila moja bila kusimama. Dunda chini kabisa usawa wa kifundo cha mguu, kisha goti, kisha kiuno kwa nguvu zako zote. Baadaye uvute kwa mkono mmoja kutoka kushoto kwenda kulia mbele yako, ukirudi hivo hivo, kisha ubavuni mbele na nyuma, mkono unapindukia upande huu na huu wa mpira bila kwenda chini yake. Malizia kwa kuupitisha mpira katikati ya miguu na kuizunguka, kwa umbo la namba nane. Ukiwa na mipira miwili, hata kama wa pili umechoka, dunda yote pamoja, halafu kwa zamu, halafu mmoja juu mmoja chini, hiyo ya mwisho itakutoa jasho kichwani kabla ya mwilini. Stephen Curry, gadi mwingine wa NBA, amelipa umaarufu lile zoezi la mpira wa tenisi: unadunda mkono mmoja huku mwingine unarusha na kudaka kile kimpira. Huna mpira wa tenisi tumia ndimu, ila mwombe mamako kwanza.

Zoezi hilo la ndimu siri yake ni macho, manake huwezi kudaka ndimu ukiangalia sakafu. Macho ndio kitu kigumu kuliko vyote na hakuna njia ya mkato. Mwambie mwenzako asimame chini ya ringi ainue vidole, wewe unakuja unadunda unataja ngapi, abadilishe, utaje tena. Ukiwa peke yako chagua kitu cha kuangalia juu, ringi, minazi, maandishi ya ukutani yasome kwa sauti. Na stima ikipotea usiku, badala ya kukaa barazani kulalamika, chukua mpira udunde gizani hapo uani, hutakuwa na pa kuangalia, vidole vitajifunza kwa lazima. Majirani watasema. Acha kabla ya watoto wao kulala.

Kisha ndio mbwembwe, na hata hapo usizikusanye zote. Gadi anahitaji krosova (kuhamisha mpira mbele yako toka mkono mmoja kwenda mwingine), ndani-nje, bitwini (katikati ya miguu) na ya nyuma ya mgongo, pamoja na kudunda ukirudi nyuma, basi. Spini, ile ya kuzunguka na mpira, iache kwa sasa, unampa difenda mgongo na yule wa pili anakuja kukusafisha humwoni.

Krosova nataka niikalie kidogo. Machi 12, 1997 Allen Iverson, akiwa bado msimu wake wa kwanza NBA, alimkuta Michael Jordan mbele yake pale Philadelphia, na alichofanya si kumvuka kwa kasi tu kama watu wanavyosimulia. Alianza na krosova ndogo, ya kupima, akaona Jordan anaitikia, akarudisha mpira, ndipo akapiga ile kubwa, akapata nafasi ya kurusha akafunga. Yaani ile ya kwanza ilikuwa swali. Vijana wetu wanapiga krosova tano mfululizo kwa kasi ile ile moja na difenda amesimama tu anawatazama, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Unavyofanya: njoo na mpira kulia polepole, mwonyeshe bega na kichwa kwamba unaenda kulia kweli, mguu wa kulia ukanyage nje upana wa kutosha, hapo hapo mpira upite chini ya magoti kwenda kushoto kwa dundo moja fupi, na ule mguu wa kulia ndio unakusukuma. Dundo la pili, lile la baada ya krosova, ndilo linalokutoa, kwa hivo lisukume mbele mbali, upite karibu na nyonga yake mpaka bega lako liguse lake. Ukipita kwa kuzunguka mbali atakufikia tena. Halafu kasi: polepole, kisha ghafla. Mtu mwenye kasi mbili anamsumbua difenda kuliko mwenye kasi moja kubwa.

Heziteshoni ni wazo hilo hilo bila kubadilisha mkono, unakuja mbio, unainuka kidogo kama unataka kurusha, miguu inapapasa, difenda anainuka pia, wewe unashuka unakwenda. Ndani-nje unadanganya krosova ila mpira unabaki mkono ule ule. Bitwini na ya mgongo tumia akikaribia sana, mwili wako uwe katikati yake na mpira. Panga chupa za maji tano au viatu kwenye mstari, nenda kwa kila moja kama ni mtu, na siku za kwanza fanya polepole mpaka ikukere.

Miguu ipeleke ufuoni. Maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu mgumu vile, mbio fupi, kuteleza ubavu kama difenda, kusimama ghafla. Mpira haudundi pale, uzungushe kiunoni tu. Dakika 15 mara mbili kwa wiki zinatosha.

Baada ya hapo, na usicheleweshe, weka mtu mbele yako, manake chupa haina mikono. Chora mistari miwili ya chaki kwenye koti, nafasi nyembamba kama kichochoro cha Lamu, wewe upite na mpira toka mstari wa mwisho mpaka katikati, yeye akuzuie, huruhusiwi kutoka nje ya chaki, na mtu wa tatu ahesabu mpaka nane kwa sauti. Baadaye ongeza difenda wa pili aje kukutega. Wakikujia wawili dunda mara mbili ukirudi nyuma, pata nafasi, uone nani ameachwa wazi, kuna mtu ameachwa tu, hesabu haidanganyi. Kona zile karibu na mstari wa katikati usiingie, mistari yenyewe inakukaba, na ukishavuka huwezi kurudi nyuma nao. Na usiudake mpira kwa mikono miwili kabla hujajua unaupeleka wapi, ukishaudaka huna tena ruhusa ya kudunda, na akikukaba karibu una sekunde 5 za kuutoa.

Zoezi jingine zuri ni tatu kwa tatu ambapo kila mtu ana madundo matatu tu akipokea. Mwanzoni watu wanagombana, baadaye wanagundua walikuwa wanadunda kwa mazoea, bila kwenda popote.

Nusu saa kwa siku inatosha, kila siku, kuliko saa tatu Jumamosi. Ramadhani fanya mepesi ya kusimama kabla ya futari ili umalize karibu na maji, yale ya kukimbia yasubiri baada ya tarawehe.

Na ile simu yenu ya kurekodi sasa ina kazi. Iweke ikuchukue mwili mzima wakati unacheza na watu, si peke yako, halafu usiku kaa uangalie vitu viwili tu: kila ulipopokonywa mpira ulikuwa mkono gani, na kidevu chako kilikuwa kimeelekea wapi sekunde moja kabla.